Sentimita Tisini kutoka Sakafuni

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta. Na akitokea mtu kusema anaijua, kwamba ana shangazi huko na amewahi kumtembelea, huyo ana lake jambo, tumwache nalo. Sisi tunasimulia tu kama tulivyosimuliwa.

Katika nchi hiyo alikuwako mtu aliyeitwa Lugendo Masanyiwa, karani katika Wizara ya Utulivu wa Taifa. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikuwa mtiifu kupita kiasi. Waraka ukitoka wizarani kusema watumishi watabasamu, Lugendo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Nyumbani alikuwa na mke, Nyamizi, muuguzi wa hospitali ya wilaya, na binti yao wa pekee, Kabula, aliyekuwa na miaka sita na maswali mia sita.

Mambo yalianza siku mwizi alipoiba viatu vya Waziri. Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Barnabo Kauleni alikuwa ameviacha barazani vipate hewa, viatu vya ngozi ya mamba, na alipotoka hakuvikuta. Asubuhi ile akaenda bungeni peku, makusudi, ili taifa lilione jeraha lake. Alipanda jukwaani, akainua mguu mmoja wabunge wauone unyayo, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Ndugu zangu, leo wamechukua viatu. Kesho watachukua miguu."

Wabunge walilia. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamepitisha Sheria ya Ulinzi wa Kaya.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Kila kaya ingepewa bunduki moja na serikali. Bunduki hiyo itiwe risasi, itundikwe sebuleni juu ya misumari miwili, sentimita tisini kutoka sakafuni, ili kila mwanakaya aifikie bila kubaguliwa mzee, mgonjwa wala mfupi. Ni marufuku kuifungia kabatini. Ni marufuku kuitoa risasi. Ni marufuku hata kuifunika kitambaa, maana mwizi hasubiri mtu afunue kitambaa. Na anayemzuia mkaguzi kutimiza kazi yake ahesabiwe mwizi, na mwizi kila mtu alijua anavyofanywa. Mwezi haukuisha, zikatoka kanga zenye picha ya kufuli lililopigiwa alama ya X, na jina lake: *Ufunguo ni rafiki wa mwizi*. Zilinunuliwa kama njugu.

Lugendo akapandishwa cheo, akawa Mkaguzi wa Misumari wa Wilaya. Alipewa rula ndefu ya mbao, nyundo, na bunda la Fomu Namba Saba. Akawa anapita nyumba kwa nyumba, anapima misumari, anachungulia chemba kuona kama risasi imo, kisha anasimamia zoezi. Zoezi lilikuwa hivi: mkaguzi anapiga makofi mara moja na kusema, "Mwizi." Kila mwanakaya kwa zamu yake lazima aikamate bunduki na kuielekeza mlangoni kabla sekunde tano hazijaisha. Vikongwe waliokuwa hawajanyanyuka kitandani tangu masika walinyanyuliwa. Mama mmoja alifanya zoezi akiwa na uchungu wa kujifungua, akatumia sekunde nne, na jina lake likatangazwa redioni.

Wiki ya kwanza walikufa watu kumi na mmoja.

Wa kwanza wao alikuwa Mzee Chande, fundi cherehani, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Lugendo. Mvua ilikuwa imenyesha, mlango wa mbele una tope, naye hakutaka kuchafua sakafu ambayo mkewe ametoka kuipiga deki. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani. Bi. Saada, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na miwili, alisikia hatua nyuma yake. Siku moja tu nyuma alikuwa amefanya zoezi na kusifiwa. Akaruka, akakamata, akageuka, akafyatua. Mzee Chande alianguka huku viatu vyake ameviweka kwapani.

Lugendo alifika na fomu. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya kutiwa alama: Mhalifu Aliyeuawa, Mhalifu Aliyejeruhiwa, Mhalifu Aliyekimbia. Cha nne hakikuwepo. Alisimama juu ya maiti akitafuta pa kuweka alama, na kwa kuwa Mzee Chande hakuwa amekimbia wala hakuwa amejeruhiwa tu, akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Kisha akamweleza mjane kwa upole kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu amemzuia mwizi, na serikali inampongeza, na aweke dole gumba hapa.

Bi. Saada alikitazama kile kidole chake kama kitu cha kuokota. "Sasa huyu mwizi, baba," aliuliza, "nimzike mimi au anazikwa na serikali?"

Lugendo alijibu kwamba angeuliza ofisini. Aliuliza kweli. Ofisini walisema swali ni zuri na litaundiwa kamati.

Waziri alisoma takwimu za wiki mbele ya waandishi wa habari, mikono imemtulia tuli. Wahalifu kumi na mmoja wameuawa, alisema, na katika hao wanne walikuwa wahalifu wa chini ya miaka kumi, jambo linaloonyesha uhalifu ulikuwa umeota mizizi mapema kuliko tulivyodhani. Wiki ya pili wakawa ishirini na sita. Waziri akasema sheria inafanya kazi kwa kasi.

Nyamizi hakuhitaji takwimu. Wahalifu hao waliletwa kwake. Aliwapokea mlangoni pa wodi, akawakata nguo kwa mkasi, akaosha, akashona kilichoshoneka. Alirudi nyumbani na damu imemkaukia kwenye kucha, akaketi jikoni bila kuvua viatu, na Kabula akimuuliza maswali alijibu moja kati ya kumi. Lugendo naye alikula chakula chake na kusimulia habari za misumari.

Ikafika siku ya yeye kukagua nyumba yake mwenyewe, maana utaratibu haukumsamehe mtu. Alitoka nje, akabisha hodi, akakaribishwa, akaingia na rula. Misumari ilikuwapo. Bunduki haikuwapo.

Nyamizi alimwambia bila kupaza sauti kwamba ameitoa risasi na kuifungia bunduki kwenye sanduku la mbao la nguo, chini ya vitenge. Risasi ameziweka kwingine. Ufunguo hasemi uko wapi.

Lugendo alimkumbusha sheria. Alimkumbusha cheo chake. Alimkumbusha mpaka ile kanga, ambayo yeye mwenyewe alimnunulia. Nyamizi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba Kabula," alisema, "jana nimeletewa mtoto wa miaka minne. Nilitafuta mahali pa kuanzia kufunga bendeji nikapakosa. Wewe unapima ukuta. Mimi napokea kilichopimwa."

Mtu mwingine angenyamaza akaichana ile fomu. Lugendo hakuichana. Lakini hakuandika kosa pia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi aliweka fomu mfukoni ikiwa tupu, na kwa siku tisa alitembea kama mtu aliyemeza kijiko. Alijua ufunguo ukipatikana watachukuliwa wote wawili. Alijua pia, ingawa hakujiambia, kwamba katika siku hizo tisa alilala vizuri kuliko wakati wowote tangu viatu vya Waziri viibwe.

Siku ya kumi likaja tangazo. Nyumba za wakaguzi zimeteuliwa kuwa Nyumba za Mfano, na Mkurugenzi wa Misumari, Bi. Adventina Rweyo, angezitembelea yeye mwenyewe. Kwa Lugendo angefika Alhamisi, saa nne asubuhi.

Usiku na mchana wa Jumatano Lugendo alimbembeleza mkewe. Ni nusu saa tu, alisema. Akiondoka mgeni, wao watairudisha sandukuni mara moja, hata kabla vikombe havijaoshwa. Aliapa kwa marehemu mama yake. Nyamizi alikataa, akakataa tena, kisha alimtazama yule mwanamume aliyekuwa anatetemeka na rula mkononi, akamhurumia. Hapo ndipo alipokosea, kama huruma yaweza kuitwa kosa. Ufunguo ulitoka ndani ya kopo la chumvi. Lugendo akaitia bunduki risasi kwa mikono yake, akaitundika, akapima. Sentimita tisini kamili.

Bi. Adventina alifika kwa wakati. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, mcheshi, mpenda watoto. Alipima msumari, akasifu. Akapiga makofi, akasema, "Mwizi," na Lugendo akatumia sekunde tatu, na Nyamizi, kwa kuburuta miguu, sekunde tano barabara. Kisha mgeni akasema na mtoto naye ni mwanakaya. Kabula alikuwa ameshamwona baba yake akifanya zoezi hilo kwa majirani mara nyingi kupitia madirishani, na aliona ni mchezo anaonyimwa yeye tu. Alitumia sekunde nne. Bi. Adventina alimsifu, akampa peremende, akamwambia akiwa hodari hivyo kila mara, hakuna mwizi atakayekanyaga nyumba ya mama yake.

Chai ikanywewa. Nyamizi alikwenda uani kuanua nguo. Mgeni akaaga, na kwa kuwa mgeni husindikizwa, Lugendo akamsindikiza. Alikusudia kumfikisha getini, lakini Bi. Adventina alikuwa ananogewa na hadithi ya mkaguzi wa wilaya jirani aliyetumia misumari ya kutu, na ni utovu wa adabu kumkatisha mkubwa. Wakafika mpaka barabarani, penye gari lake.

Nyamizi aliingia kwa mlango wa uani, beseni la nguo kichwani, mikono miwili juu.

Mlio ulipofika barabarani, Lugendo alisimama na mkono wake kwenye kitasa cha mlango wa gari. Bi. Adventina aliangalia saa yake, kwa mazoea tu. "Wako vizuri," alisema. "Chini ya tano."

Lugendo alikimbia. Nguo zilikuwa zimetawanyika sebuleni, safi, bado zina harufu ya jua, na zilikuwa zinanyonya damu. Nyamizi alilala chali juu ya shati la kazi la mumewe. Risasi ilikuwa imeingia chini ya taya. Alikuwa hai kwa muda mfupi, muda wa kutosha kumtafuta Kabula kwa macho na kumkuta, na mkono wake ulifanya ishara ya kumwita, au ya kumwambia asitazame, Lugendo hajui ni ipi mpaka leo. Kabula alikuwa ameanguka kwa kitako kwa sababu ya teke la bunduki. Hakulia. Alimwuliza baba yake kama alikuwa amechelewa.

Mengine ya siku ile Lugendo hayakumbuki kwa mpangilio. Anakumbuka alijaribu kuliziba lile jeraha kwa nguo moja baada ya nyingine mpaka nguo zikaisha. Anakumbuka Bi. Saada, mjane wa fundi cherehani, akiingia na kumchukua mtoto. Na anakumbuka kwamba jioni ile, kabla ya maziko, aliletewa Fomu Namba Saba, kwa kuwa mkaguzi wa eneo alikuwa ni yeye.

Alikaa nayo mezani. Visanduku vilikuwa vile vile vitatu. Pembeni, kwenye nafasi nyeupe isiyo na kazi, akaandika kwa herufi ndogo: *Ni ajali. Ni mke wangu.* Asubuhi fomu ilirudishwa kutoka ofisini ikiwa na mstari mwekundu. Kosa lake, ilielezwa, ni kuandika nje ya visanduku. Alipewa nyingine. Na hapo, tusimfiche, aliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Alifanya hivyo kama mtu anavyopiga mswaki.

Kwa sababu fomu ilikuwa imekamilika, Kabula akapewa nishani.

Sherehe ilifanyika uwanja wa mpira, mbele ya maelfu. Iliitwa Nishani ya Mlinzi Mdogo, na yeye alikuwa wa kwanza kuipata. Kabula alivishwa gauni jeupe. Tangu siku ile alikuwa haulizi maswali, hata moja, na mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha nyuma ya mgongo, anakula kwa kushoto, anavaa kwa kushoto. Waziri Kauleni aliinama kumbandika ile nishani kifuani, akamwomba ampe mkono, akasubiri, kisha akapeana mkono na hewa kwa ajili ya wapiga picha.

Alihutubia. "Taifa lenye watoto kama huyu," alisema, "linaweza kulala mlango wazi."

Umati ukashangilia. Sasa, katika nchi ile watu walikuwa wameacha kupiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa ishara ya mwizi. Walishangilia kwa kufyatua hewani. Maelfu ya bunduki ziliinuliwa juu zikalia kwa pamoja, na watu wakacheka kwa furaha. Lakini risasi ikipanda haina budi kushuka, na wizara ilikuwa haijatoa mwongozo kuhusu jambo hilo. Zilianza kuanguka kama mvua ya mawe. Mpiga tarumbeta alitobolewa utosi katikati ya wimbo wa taifa. Watu walipoona wenzao wanaanguka walidhani wamevamiwa, wakaanza kufyatua kwa usawa wa kifua. Mama mmoja alimlalia mwanawe na risasi ikapita katika wote wawili. Ilichukua dakika sita. Lugendo alikuwa amembana Kabula chini ya jukwaa, ameyaziba masikio yake, na pale chini aliona viatu vya Waziri, vipya, vya ngozi ya chatu, vikikimbia.

Wahalifu mia moja na saba waliuawa siku hiyo. Rekodi, ilisema redio.

Lugendo alirudi kazini. Watu walimshangaa, wengine walimdharau, lakini yeye hakuwa na pengine pa kwenda na mikono yake. Alipokuwa anapanga daftari la kaya zilizokaguliwa, nyumba elfu nne na ushee, akaona namba moja haina alama. Alipekua nyuma mpaka siku ya kwanza. Nyumba namba moja ya wilaya ilikuwa haijakaguliwa hata mara moja. Ilikuwa nyumba ya Waziri.

Hakumwambia mtu. Alichukua rula, nyundo, misumari miwili na fomu, akaenda. Na tusidanganyane kwamba alikwenda kwa ajili ya haki au kwa ajili ya taifa. Alijua kwamba Waziri ana mjukuu wa miaka minne anayeitwa Tunu, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya wizara. Alikwenda akiwa na jambo moyoni ambalo hakulitazama usoni.

Walinzi walimpisha, maana sheria ya mkaguzi waliijua. Waziri alimpokea sebuleni kwa bashasha, akampa pole nyingine ya msiba, akaagiza juisi. Lugendo alitazama kuta. Zilikuwa na picha, saa, pembe za swala. Hazikuwa na msumari wala bunduki. Aliuliza iko wapi.

Waziri alicheka kidogo, akampeleka chumba cha ndani. Huko mlikuwa na kabati la chuma lenye unene wa kiganja, lenye makufuli matatu, na ufunguo wa kila kufuli ulikuwa na mtu wake. Ndani zilikuwamo bunduki saba, tupu. Risasi zake zilikuwa chumba kingine, katika kabati jingine. Lugendo alikuwa hajawahi kuona bunduki zimehifadhiwa vizuri namna ile.

"Mimi nina wajukuu, Lugendo," Waziri alisema, kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini amefuga mbwa.

Lugendo aliitikia kwa kichwa. Kisha akasoma kifungu: nyumba itakayokutwa na kasoro itarekebishwa papo hapo na mkaguzi, na atakayezuia ahesabiwe mwizi. Waziri alitabasamu, halafu akaacha. Walinzi wake walikuwa wamesimama mlangoni na walikuwa wamesikia, na kila mmoja alikuwa amefunzwa kwa miezi kumi namna ya kufanya akisikia neno hilo. Makufuli yalifunguliwa moja moja. Lugendo alichagua bunduki iliyong'aa kuliko zote. Akaitia risasi. Akarudi sebuleni, akapima ukuta, akapigilia misumari, akaitundika. Alirudi nyuma hatua tano na kusimama kando ya Waziri. Juisi ililetwa ikawekwa.

Tunu aliingia na mwanasesere mkononi, akimtafuta babu yake. Alikiona kitu kipya ukutani, chenye kung'aa, kilichowekwa usawa wa uso wake kana kwamba kimewekwa kwa ajili yake. Akamwacha mwanasesere akakikimbilia.

Waziri alifungua mdomo. Kumwambia mtoto asiguse lilikuwa kosa. Kuishusha bunduki lilikuwa kosa kubwa zaidi. Yote mawili aliyaandika yeye, na walinzi wanasikiliza. Tunu aliukamata mtutu kwa mikono miwili, akauvuta kuelekea kwake aone mna nini ndani. Kitako kiliponyoka kwenye msumari, kifyatulio kikauegemea.

"Lugendo," Waziri alinong'ona. "Tafadhali."

Huo ndio wakati Lugendo aliokuja kuutafuta. Alikuwa ameuwaza kwa wiki tatu, akiosha vyombo, akimsuka Kabula nywele vibaya. Alitaka mtu mmoja wa juu naye atafute mahali pa kuanzia bendeji. Na sasa ulikuwa umefika, mbele yake, na hakuhitaji kufanya kitu chochote. Alichotakiwa ni kutii sheria kama alivyoitii maisha yake yote.

Akaruka. Hakukumbuka kuruka. Aliushika mtutu akauinua juu, na risasi ikatoka, ikapasua saa ya ukutani na kumkata yeye mwenyewe sikio. Tunu alianguka, akalia kwa hasira, mzima. Lugendo alitoa risasi zilizobaki, moja moja, akazitia mfukoni, damu ikimchuruzika shingoni, akamkalisha mtoto mapajani pa babu yake. Waziri alikuwa ameketi sakafuni. Alimkumbatia mjukuu wake, akalia bila sauti kwa muda.

Kisha akasimama, akanyoosha koti, akawaambia walinzi wake wamkamate mtu huyu, ameshusha bunduki kutoka kwenye misumari.

Kesi haikuchukua asubuhi nzima. Hakimu, mwenye bunduki yake juu ya meza kama ilivyoagizwa, alimwuliza mshtakiwa kama alijua anavunja sheria. Lugendo alisema alijua. Akaulizwa kama anajuta. Alisema anajuta kuchelewa. Basi akapewa adhabu nzito kuliko zote katika kitabu, ambayo ilikuwa haijawahi kutolewa kwa mtu: kuvuliwa ulinzi. Nyumba yake isiwe na bunduki maisha. Mtu yeyote asiingie humo na bunduki. Na ubao mwekundu upigiliwe getini, wezi wausome: NYUMBA HII HAINA SILAHA. Watu mahakamani walishika vinywa. Mama mmoja alizirai.

Lugendo alimchukua Kabula kwa Bi. Saada wakarudi nyumbani. Aling'oa misumari ukutani. Siku ya kwanza alisubiri wezi, hawakuja. Mitaani milio iliendelea. Mwenye duka alimuua mteja aliyepiga chafya, na mteja wa nyuma akamuua mwenye duka.

Siku ya tatu alibisha hodi jirani, mwenye watoto wawili mkononi. Aliuliza kwa aibu kama wangeweza kucheza hapa mpaka yeye arudi kutoka sokoni. Siku ya nne wakawa saba. Mwisho wa mwezi walikuwa zaidi ya sitini, wamejaa uani, wanarukaruka kamba, wanagombana, wanachubuka magoti na kulia kilio cha kawaida. Bi. Saada aliwapikia uji. Bi. Adventina alileta mapacha wake mwenyewe, akiwa amejifunika mtandio mpaka puani, akaomba jina lake lisiandikwe popote. Kabula alikaa kizingitini akiwatazama, mkono wake nyuma.

Ndipo asubuhi moja gari jeusi likasimama getini. Waziri Kauleni alishuka, akamshusha Tunu. Alimvua bastola mlinzi wake, akaiacha garini, akamsogeza mtoto ndani kwa kumsukuma mgongoni. Alisema atamfuata saa kumi. Lugendo alimtazama, sikio lake nusu. Alimshika mtoto mkono akamwingiza.

Mchana redio ya Bi. Saada ilikuwa inatangaza bunge. Waziri alikuwa jukwaani, sauti imemjaa. Alisema bunduki moja kwa kaya haitoshi, kwamba wakati umefika kila mtoto aliyetimiza miaka minne apewe ya kwake, nyepesi, ya rangi anayoipenda. Wabunge walishangilia kwa kufyatua darini, na matangazo yakakatika. Watoto waliacha kucheza kusikiliza kimya kile, kisha wakaendelea.

Saa kumi kamili gari lilirudi. Waziri alimpokea mjukuu wake, akampangusa vumbi magotini, akambeba. Alikuwa na vumbi la dari mabegani. Alifika kwenye gari, akageuka.

"Kesho nitamleta mapema kidogo," alimwambia Lugendo. "Tunapiga kura."